Mazao yanageuka njano? Fukua mizizi kwanza, urea baadae

Soya au maharage yakianza kugeuka njano wengi wetu tunakimbilia duka la pembejeo, mfuko wa urea unabebwa, unamwagwa, baada ya wiki moja na nusu shamba linakuwa kijani na kila mtu anaona kazi imeisha, msimu ujao shida ileile iko palepale na hela imeshaenda. Na jembe lilikuwepo nyumbani muda wote. Kufukua mche ni kazi ya dakika tano na utajua vitu ambavyo majani hayawezi kukuonyesha, kwa sababu njano ni njano tu, sababu zake ni nyingi na nyingi ziko chini.

Kabla ya kwenda dalili moja moja shika hili maana kila kitu huko mbele kinarudi hapa. Mzizi haunyonyi tu, unatoa pia. Sehemu ya sukari inayotengenezwa na majani inashuka chini na kuvuja kwenye udongo, pamoja na asidi na kemikali nyingine kibao, na ndo maana kile kieneo cha milimita chache kuuzunguka mzizi kinajaa vijidudu kuliko udongo ulio pembeni kidogo tu. Mjerumani Lorenz Hiltner alilipa eneo hilo jina mwaka 1904, rizosfia, na mpaka leo ndo linatumika. Sasa sukari hiyo haitolewi bure. Mmea unalipa ili upate kitu, mara nyingi naitrojeni au fosforasi, ukishiba kitu hicho kutoka kwingine unaacha kulipa. Na kwa kuwa unatangaza njaa yake kwa kemikali, wezi nao wanalisikia tangazo. Kwahiyo kila ukifukua jiulize nani alitakiwa awepo hapa na hayupo, na nani yupo ambaye hakualikwa.

Jinsi ya kufukua

Usivute mche kwa mkono, vinundu (vile vijipira kwenye mizizi ya jamii ya kunde, ndani wanakaa bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea) vitabaki ardhini alafu utasema havipo. Chimba kwa jembe au koleo kama sentimita 15 kutoka shinani, shuka sentimita 20 hivi, inua na bonge lake la udongo, litumbukize kwenye ndoo ya maji lilainike lenyewe ndo usuuze taratibu. Chukua miche kadhaa sehemu mbaya na mingine sehemu nzuri ya shamba hilohilo, bila kulinganisha unabahatisha tu. Kwa jamii ya kunde muda mzuri ni maua yakianza. Vinundu vya kwanza huonekana kuanzia wiki ya pili au ya tatu hivi, ila ukifukua mapema hivyo utakuta vyeupe vidogo vidogo utaogopa bure.

Soya njano kuanzia majani ya chini, mizizi misafi, kinundu hata kimoja hakuna

Swali la kwanza kabisa, shamba hili limewahi kulimwa soya? Soya asili yake ni Asia ya mashariki na bakteria wake, Bradyrhizobium japonicum na ndugu zake wa karibu, hawapo kiasili kwenye udongo wetu mwingi. Kunde, choroko na karanga hazichagui sana, zinakubali bakteria wa hapahapa, na ndo maana unaweza kuona kunde ya jirani iko kijani kibichi wakati soya yako hatua tatu pembeni ni njano kama limau, alafu unaanza kusema udongo umechoka. Udongo hauna shida, mwenzake soya ndo hayupo. Kuna mbegu zilizozalishwa na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Nigeria, zile zinazoanza na herufi TGx, walizitafuta makusudi zikubaliane na bakteria wa Afrika, zinasaidia, lakini hata hizo mara nyingi zinafanya vizuri zaidi zikipewa bakteria wa paketi.

Bakteria wa paketi ni ule unga mweusi unaochanganywa na mbegu. Kenya kuna Biofix iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, Tanzania SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, walitengeneza Nitrosua. Teknolojia yenyewe si ya juzi, huyohuyo Hiltner na mwenzake Nobbe walikuwa na hati miliki ya bidhaa ya namna hii tangu miaka ya 1890. Ila soma paketi imeandikwa ya zao gani, ya soya usipeleke kwenye maharage, kila zao lina lugha yake: mzizi unatoa kemikali zinaitwa flavonoidi, bakteria anayezielewa anajibu kwa kemikali yake, unywele wa mzizi unajikunja na kumfungia ndani ndo anaingia. Asiyeelewa anabaki nje na hakuna kitakachoota.

"Nimechanganya na bado hakuna kitu." Hii ndo kesi inayosikika sana, na karibu kila mara bakteria walikufa kabla ya kukutana na mzizi. Hawa ni viumbe hai, wengi wanasahau hilo wanawatunza kama saruji. Paketi imekaa dukani chini ya bati la moto miezi, au imeshapita tarehe. Mbegu ilikuwa na dawa ya fangasi, ile rangi ya pinki au kijani, nyingi ya hizo zinawaua au kuwapunguza sana. Umechanganya asubuhi juani, ukapata mgeni, ukapanda kesho yake. Umepanda kwenye vumbi ukisubiri mvua. Umeweka mbegu iliyochanganywa ikagusana na mbolea ya chumvi chumvi kwenye shimo moja. Utaratibu wenyewe haukusumbui: kaa kivulini, lowanisha mbegu kidogo tu na maji ya sukari au gundi ya miti ili unga ushike, changanya mpaka kila punje iwe na koti jeusi, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie palepale, jua lisiipige.

Sababu ya pili ni mbolea yako mwenyewe. Ukimwaga urea au CAN kwenye soya mmea unapata naitrojeni bila jasho, unapunguza mialiko, vinundu vinakuwa vichache au havipo kabisa. Samadi nyingi sana inaweza kufanya hivyo pia. Hapa dalili ni tofauti kidogo, mmea unakuwa kijani tena kijani cha kupendeza, mizizi haina kitu, alafu mbolea ikiisha katikati ya maua njano inaingia kwa kasi na hakuna mtu wa kuuokoa.

Ya tatu ni tindikali. pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali imepanda) ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu inaanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, utaona mizizi mifupi, minene, haina matawi madogo, na ikikaribia 5 kushuka chini bakteria wengi wa aina hii wanahangaika kuishi na hata mazungumzo yale ya kemikali yanakatika. Nyanda za juu zenye mvua nyingi kama Njombe au magharibi ya Kenya hii ipo sana. Dawa yake ni chokaa ya kilimo ila kiasi gani inategemea udongo, usimwage kwa kukisia, peleka udongo ukapimwe. Jirani kukuambia mfuko mmoja kwa heka hakusaidii kama udongo wake ni kichanga na wako mfinyanzi.

Ukishindwa kujua ni ipi kati ya hizo, msimu ujao fanya mistari mitatu ya majaribio pembeni: mmoja mbegu tupu, mmoja mbegu na bakteria, mmoja mbegu na urea. Wa urea ukiwa kijani na wa bakteria ukiwa njano kama ule mtupu, naitrojeni ndo iliyokosekana kweli na bakteria ndo hawajafanya kazi, rudi kwenye paketi na pH. Wa urea nao ukidumaa, acha kuwalaumu bakteria, kuna kitu kingine, mara nyingi fosforasi au mizizi yenyewe inaumwa.

Vinundu vipo, mmea bado njano

Hapa usihesabu, pasua. Kata kinundu kwa kucha au wembe uangalie rangi ya ndani. Pinki mpaka nyekundu nyekundu ndo kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na leghemoglobini, ndugu wa ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake inafanana: kimeng'enya cha kukamata naitrojeni kinaharibika kikikutana na oksijeni wakati bakteria mwenyewe anahitaji oksijeni apumue, kwahiyo mmea unatengeneza hiyo leghemoglobini ili oksijeni ifike kwa kipimo. Mimi hapa ndo huwa nakubali kwamba huu ni ushirikiano wa kweli, maana hiyo protini ni mmea unaitengeneza kwa ajili ya mgeni wake.

Nyeupe ndani wakati maua yameshatoka: hao wameingia lakini hawazalishi. Inawezekana ni bakteria wa kienyeji wasiofaa kwa zao hilo, maharage hasa yana tabia hii, yanakubali kila anayegonga mlango. Ni kama vibarua waliofika shambani wakala chakula cha mchana na jembe hawajashika. Ila mmea si mjinga. Mwaka 2003 mtafiti Toby Kiers na wenzake waliweka vinundu vya soya kwenye hewa isiyo na naitrojeni ili bakteria washindwe kufanya kazi, wakakuta mmea unawapunguzia oksijeni na hawaongezeki kama wenzao. Kwahiyo soya inaadhibu, tatizo ni kwamba kama wote waliopo ni wa aina hiyo adhabu haikuletei naitrojeni. Leta bakteria wazuri wa paketi na uweke wengi, maana wanashindana na wenyeji waliozoea udongo.

Kijani au kahawia ndani: kinakufa. Kama maganda yanajaza hilo ni kawaida, mmea umehamishia sukari kwenye mbegu. Kama bado ni mapema angalia ukame, maji yaliyotuama (vinundu vinahitaji hewa, siku chache za kulowa zinatosha kuvinyonga), au kivuli kizito cha mahindi uliyochanganya, jani lisipopata jua hakuna sukari ya kulipa.

Pinki ila vidogo na vichache: fosforasi, sina haja ya kuzunguka. Kuvunja molekuli moja ya naitrojeni ya hewani kunagharimu ATP (sarafu ya nishati ndani ya seli) zisizopungua 16, na ATP bila fosforasi haipo. Hewa ina asilimia 78 ya naitrojeni na bado mmea unakufa njaa kwa sababu ya kukosa mfuko wa TSP, mbolea ya fosforasi. Kwenye udongo wa tindikali hata mbolea ya mawe ya Minjingu, inayochimbwa kule Manyara, inafanya kazi vizuri kwa kuwa tindikali yenyewe inaiyeyusha, kwenye udongo wa pH ya juu itakaa tu. DAP nayo ina fosforasi nyingi ila imebeba naitrojeni asilimia 18, kwa maharage kiasi kidogo cha kuanzia hakina ubaya, maharage ni mvivu kukamata naitrojeni ukilinganisha na soya na yanamaliza msimu haraka. Kwenye udongo mkali wa tindikali kuna tatizo la molibdenamu kutopatikana pia, inatakiwa kidogo mno lakini kimeng'enya hakitengenezeki bila hiyo, na chokaa peke yake mara nyingi inaiachia.

Pinki, vingi, vikubwa, na mmea njano? Basi si naitrojeni. Angalia njano imeanzia wapi, majani mapya juu yakiwa njano na ya chini kijani tafuta salfa au chuma, na chunguza shina lilipoingia ardhini kama limeoza.

Mizizi ina mavimbe mengi, unadhani ni vinundu

Watu wamefurahia hii kwa maharage, bahati mbaya. Kinundu cha kweli kimeng'ang'ania pembeni ya mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Vimbe la minyoo fundo, vijiminyoo vya udongoni, ni mzizi wenyewe uliovimba, huwezi kulibandua bila kuukata, na ndani hakuna pinki. Ukikuta mavimbe hayo kwenye nyanya, bamia au bilinganya hata usijiulize, mimea hiyo haina vinundu. Mnyoo jike anakaa ndani anawalazimisha seli za mzizi zigeuke kuwa majitu ya kumlisha, anataga mayai mamia, na kwenye joto letu kizazi kimoja kinamalizika kama mwezi, kwahiyo msimu mmoja wa nyanya ni vizazi kadhaa.

Hakuna dawa ya kumwaga mara moja ukasahau. Ng'oa mizizi yote baada ya kuvuna na kuichoma, usiilime chini. Panda marejea, mmea wa jamii ya kunde, msimu mmoja, minyoo inaingia na kushindwa kuzaliana, na yenyewe marejea ina vinundu vyake kwahiyo unapata na rutuba. Mbegu ya nyanya tafuta yenye herufi N kwenye paketi, inaonyesha ina kinga, ingawa udongo ukipita nyuzi joto 28 hivi kinga hiyo inalegea, huko Pwani usiitegemee peke yake.

Mahindi njano wiki chache baada ya kufukia mabua au pumba za mbao

Hapa hakuna ugonjwa. Vijidudu wanaoozesha mabua wanahitaji naitrojeni kujenga miili yao, mabua yana kaboni tele na naitrojeni kiduchu, kwahiyo wanaichukua ya udongoni na wanaifikia kabla ya mahindi. Kitu chenye kaboni zaidi ya mara 25 au 30 ya naitrojeni kitaleta hali hiyo, na pumba za mbao zinafika mamia. Wakifa naitrojeni inarudi, ila mahindi hayasubiri. Kwa msimu huo kweli weka urea kidogo, hii ni moja ya sehemu urea inastahili. Msimu ujao ozesha kwanza pembeni na samadi, au tandaza juu usifukie.

Mahindi zambarau, yamedumaa, na mbolea uliweka

Zambarau kwenye majani ya mahindi machanga ni fosforasi haifiki. Baridi asubuhi inaweza kuleta hali hiyo kwa muda tu ikapotea. Isipopotea fikiria fangasi wa mizizi, maikoraiza, nyuzi zao nyembamba zinafika mbali kuliko mzizi na kuleta fosforasi kwa malipo ya sukari. Mimea mingi ya nchi kavu inaishi nao. Kabichi na sukuma wiki hawana huo urafiki, kwahiyo ukilima kabichi misimu mfululizo, au shamba likakaa tupu kabisa bila hata gugu, au ukapiga trekta kila mara, fangasi wanapungua na mahindi yanayofuata yanaanza kwa shida. Wanaokuza miche ya misonobari Mufindi wanalijua hili kwa njia nyingine, mche wa msonobari bila fangasi wake unadumaa, ndo maana wanachota udongo chini ya misonobari mikubwa na kuuweka kitaluni.

Mahindi au mtama umelegea kama una kiu na ardhi ina unyevu, baadae maua ya pinki yanachomoza shinani

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mimea mingine, Wajaluo wanaita kayongo. Na huyu ndo yule mwizi niliyemtaja. Mmea wenye njaa ya fosforasi unatoa kemikali zinaitwa strigolaktoni kuwaita maikoraiza, Wajapani ndo walionyesha hilo mwaka 2005, ila kemikali hizohizo zilikuwa zinajulikana tangu miaka ya 1960 kama kitu kinachoamsha mbegu ya kiduha. Mbegu ndogo kama vumbi imelala ardhini hata miaka zaidi ya kumi, inasikia mwito, inaota na kujichomeka kwenye mzizi. Unaelewa sasa kwa nini kiduha kinapenda mashamba yaliyochoka, huko mimea inapiga kelele zaidi. Na mpaka unaliona ua limeshanyonya wiki kadhaa chini kwa chini, kupalilia siku hiyo kunazuia mbegu tu, hakurudishi mahindi ya mwaka huu. Palilia bado, mmea mmoja unamwaga mbegu makumi ya maelfu.

Kinachofanya kazi ni kuziamsha mbegu pasipo na wa kumnyonya. Soya, karanga na pamba zinaziamsha zikafa njaa. Desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde yanayopandwa katikati ya mistari ya mahindi, ule mfumo wa "sukuma-vuta" wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita Kenya, inaziamsha na hapohapo kuzuia kimizizi chao kisikue, na inaongeza naitrojeni, na ng'ombe wanaila. Inahitaji uvumilivu msimu wa kwanza maana inaota polepole na palizi yake inachosha, lakini kwa shamba lililojaa kiduha sijaona kitu cha kuizidi kwa mkulima mdogo.

Nyanya au viazi vimenyauka ghafla vikiwa kijani

Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka ndani ya dakika chache ni mnyauko bakteria, ng'oa, choma, na sahau nyanya, viazi, pilipili na bilinganya hapo kwa misimu kadhaa, nenda mahindi au vitunguu. Maji yakibaki safi na ndani ya shina kuna michirizi ya kahawia, fikiria mnyauko wa fangasi. Miche ya kitaluni inayoanguka kama imekatwa shinani ni kinyausi, punguza maji, punguza msongamano, samadi iwe imeoza kweli.

Ukienda maabara, iwe SUA, au taasisi za utafiti wa kilimo kama TARI Mlingano Tanga au KALRO ya Kenya, usipeleke majani matupu. Beba mche mzima mgonjwa na mwingine mzima mzuri, kila mmoja na bonge lake la udongo bila kuosha, kwenye mifuko tofauti yenye majina, kaa navyo kivulini, vifike siku hiyohiyo au kesho yake, na uandike pembeni ulilima nini hapo misimu mitatu iliyopita na uliweka mbolea gani.